Karte ya Mama

Mwanangu Plamedi alikusanya vipande vya kompyuta yake kimoja kimoja, kwa subira ambayo hana kwa jambo lingine lolote. Alitaka mashine ya kuchezea michezo, ile yenye picha nzito ambazo kompyuta ya kawaida haizimudu, na alisema kuinunua ikiwa imeshafungwa dukani ni uvivu. Jumamosi moja, hapa Lubumbashi, alitandika shuka juu ya meza ya kulia chakula, akapanga maboksi yake, akaniomba nimshikie tochi. Alipochana mfuko wa kwanza, ule wa kijivu unaong'aa kama ngozi ya samaki, harufu ilitoka. Ni harufu ya plastiki na ya risasi iliyoyeyushwa, na ndani yake kuna ukavu fulani, kama hewa ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Nilisikia mkono wangu ukiteremka pamoja na tochi.

"Gusa chuma kwanza," nilimwambia. "Gusa kile kisanduku ndipo ushike kadi. Mwilini mwako kuna umeme usiouona, unaweza kuiua."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akisema Kifaransa. Mimi, mama yake, nauza vitenge sokoni. Mambo haya nimeyajulia wapi? Nilimjibu kwamba nilifundishwa na mjomba wangu, mjini Kamina, wakati wa vita. Akarudi kwenye kazi yake, maana vijana wakisikia neno vita hujua hadithi itakuwa ndefu. Nami nikabaki nimeshika tochi.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Alipanda treni hadi Bukama, akashuka mto kwa mtumbwi hadi Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, akarudi na vikapu ambavyo harufu yake ilifika nyumbani kabla yake. Baba alikufa nikiwa bado naota meno, kwa hiyo mama akisafiri nilibaki na nkambo, yaani bibi yangu, mama mzaa mama. Sikuwa na wasiwasi na safari zake. Kwa mtoto, mama anayeondoka na kurudi ni kama jua. Hakuna anayekaa kulisubiri kwa hofu.

Kisha vita vilivyotoka mashariki vikateremka upande wetu. Treni ya abiria ilisimama, na mabehewa yakawa ya askari. Wengine walikuwa wa kwetu, wengine walitoka nchi za mbali na walisemezana kwa lugha tusiyoijua. Mama alikuwa Kinkondja. Ilisemekana barabara imekatika, na neno hilo nililichukua kama lilivyo: niliona barabara iliyokatwa kwa panga, na ncha zake mbili zinaning'inia juu ya maji.

Mtaa wetu ulipungua watu. Rafiki yangu wa jirani, binti wa karani wa reli, aliondoka na wazazi wake kuelekea Likasi, na hakupata hata nafasi ya kuniaga. Nilikuta mlango wao umefungwa na kamba ya kuanikia nguo imeachwa wazi, ikichezacheza na upepo. Darasani kulikuwa na madawati mengi kuliko watoto. Nilichora kwenye udongo mwekundu ile michoro ya kurukia kwa mguu mmoja, nikaruka peke yangu, nikajishinda, nikafuta. Nilikuwa nimeacha kuuliza habari za mama. Kila nilipouliza, nkambo aliweka chini kijiko chake na kumwomba Vidye, yaani Mungu, kwa Kiluba, maombi marefu, hadi bukari, ugali wetu, ikapoa mbele yetu.

Mdogo wake mama, Tonton Ilunga, alikuwa akikaa nasi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Lubumbashi, masomo yakasimama, akarudi Kamina kufundisha hesabu katika shule ya misheni. Alikuwa mwembamba, mwenye kufunga vifungo vya shati hadi shingoni hata wakati wa joto. Mchungaji alimpa ufunguo wa stoo moja nyuma ya zahanati. Humo wamisionari waliokimbia walikuwa wameacha kompyuta tatu, zote zimekufa, nyingine zimefunguliwa na kunyofolewa vitu. Mchungaji alitaka apate japo moja ya kuchapia mitihani. Tonton naye alikuwa na lake: alikuwa na diskette aliyokuja nayo kutoka chuoni, yenye mchezo wa gari, na alitaka kuuona mchezo ule tena kwa rangi zake. Alikuwa kijana, nami sikulijua hilo. Kwangu alikuwa mtu mzima kama wengine.

Siku moja wakati wa kula alimweleza nkambo jinsi kazi inavyokwenda.

"Bintu byote biko," alisema. "Inabakia paka carte mère tu. Siku nitaipata ile, byote bitaanza tena."

Nkambo aliuliza hiyo ni kitu gani. Tonton akasema njo ile, yaani ndiyo ile inayounganisha vingine vyote. Bila yenyewe, kila kimoja kinakaa peke yake na hakimjui mwenzake.

Kifaransa changu kilikuwa cha shule ya msingi, lakini maneno hayo mawili niliyajua. Mère ni mama. Na carte, nani katika mji ule hakujua karte? Kwenye bariera, kile kizuizi cha pale relini, askari waliuliza neno hilo tu kutwa nzima. Mwenye karte ya utambulisho alipita. Asiyekuwa nayo aliketishwa juani pembeni, na wengine hatukuwaona tena. Basi mambo yote yakanifungukia. Mama hakurudi kwa sababu hana karte. Na Tonton, ambaye sikuwahi kumwona akimlilia dada yake, alikuwa akimtafutia kimyakimya.

Nilikuwa na hakika zaidi niliposikia kwamba alitafuta pia barrettes. Kwetu barrette ni kibanio cha nywele. Mama alikuwa na viwili vyekundu. Kimoja alisafiri nacho, kingine kilikuwa ndani ya sanduku la nkambo. Nilikichukua, nikampelekea Tonton, nikamwambia nimepata barrette moja. Alitabasamu, akashukuru, akabania nacho karatasi za mitihani. Sikushangaa. Nilidhani ndivyo vitu vya mama vinavyotunzwa mpaka vitimie.

Nilianza kumfuata kila mahali. Ndivyo nilivyofika naye dukani kwa Mzee Ramazani, karibu na soko. Mzee huyu alikuwa Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walitoka Maniema kwa njia za biashara, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Aliuza vitenge, chumvi na sabuni. Watu walisema hakuna njia asiyoijua, na kwangu hilo lilitosha: kama kuna mtu anayeweza kuwa na karte ya kumtoa mtu Kinkondja, ni yeye.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Nimekikumbuka kile kitu chako. Ninacho."

Aliondoa marobota ya vitenge kutoka juu ya kisanduku cha bati cha rangi ya maziwa. Zamani alimnunulia mwanawe kompyuta. Kioo kilipopasuka, mwili wake ukawa kigoda cha nguo. Alimwambia Tonton achukue cha ndani bure, ila sanduku alirudishe mahali pake, kwa maana vitenge vilikwisha kulizoea. Nilisimama karibu kabisa. Tonton aliketi chini, akagusa bati kwa kiganja, akaanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine na kunipa nizishike. Nilizibana kiganjani, nikiogopa zitaanguka.

Alichotoa kilikuwa ubao wa kijani, mpana kama ungo mdogo, umejaa vumbi na mistari myembamba iliyokwenda na kugeuka kama njia za mashambani. Mende mkavu alidondoka kutoka kwenye kona.

"Hii njo carte mère," Tonton alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

Niliutazama upande mmoja. Niligeuza kichwa nitazame wa pili.

"Jina ya mama iko wapi?"

Alidhani nacheza. Aliniuliza jina gani, nami nikasema jina la mama, na foto yake, kwa sababu askari watamjuaje bila foto. Nilimweleza yote, bariera na barabara na kibanio chekundu, haraka haraka, kwa maana niliona uso wake unabadilika na nilitaka kumaliza kabla haujafika mwisho. Mzee Ramazani aliacha kukunja kitenge. Hakuna aliyecheka. Mpaka leo nawashukuru kwa hilo.

Tonton aliuweka ubao juu ya magoti yake. Alisema hiyo haikuwa ya mama. Ni jina tu, alisema. Wafaransa wameiita hivyo kwa sababu vitu vingine vyote vinabebwa juu yake, kama watoto mgongoni. Kisha akaona amemwambia nani maneno hayo, akaanza kuufuta ubao vumbi.

Mzee Ramazani ndiye aliyenijibu, akiwa amechuchumaa ili macho yake yalingane na yangu. Alisema amesikia kwamba watu wa upande ule wamekimbilia ndani ya ziwa, kwenye vile visiwa vya majani vinavyoelea, mahali ambapo askari hawawezi kutembea. Mwanamke anayewajua samaki hawezi kufa njaa katikati ya samaki.

"Lakini sitakudanganya, mwanangu," alisema. "Kama yeye yuko pale, sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniambia sijui. Nililia sana, na ndani ya kilio kulikuwa na kitu kama kupumzika.

Tulirudi nyumbani na ubao umefungwa katika kipande cha kitenge. Katikati ya njia Tonton alinipa niubebe, akaniambia nishike kwenye kingo, nisiguse katikati. Nadhani hakujua namna nyingine ya kunifariji. Niliubeba huku nikiuchukia. Kwenye bariera ya reli askari mmoja, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, aliuliza tumebeba nini, akafunua kitambaa kwa ncha ya bunduki. Uso wake ulikauka. Alisema hiyo ni phonie, ile redio ya kusemea na adui. Tonton akaanza kueleza kwa Kifaransa, maneno mengi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Askari alimwambia avue mkanda. Nilijua maana yake. Waliotakiwa kuvua mikanda ndio walioketishwa juani.

Nilisema kwa Kiswahili, "Ni karte ya mama yangu."

Askari aliniuliza mama iko wapi. Nilijibu, Kinkondja, na kwamba karte ilikuwa hapa, na yeye kule. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Sijui hata leo kama ulikuwa uwongo; dakika chache kabla ulikuwa ukweli wangu wote, na machozi yalikuwa bado hayajakauka. Askari aliutazama ubao, akanitazama, akatazama reli iliyokuwa tupu pande zote mbili. Aliufunika tena kwa kitambaa, kwa uangalifu ambao sikuutarajia.

"Mupite," alisema. "Mukuye na njia ya nyuma siku ingine."

Baada ya hapo Tonton hakunificha tena jambo, wala hakunipa matumaini asiyokuwa nayo. Badala yake alinipa kazi. Alasiri, wakati jenereta ya zahanati ilipowashwa ili friji ya chanjo ipate baridi, tuliingia stoo na kufanya kazi sambamba, na alinifundisha kama anavyomfundisha mtu wa rika lake. Kisanduku kizito chenye nyaya nyingi ni alimentation, ndicho kinacholisha vingine, na hakifunguliwi kamwe, maana hata kikizimwa kinaweza kushika umeme. Processeur ndiyo akili. Ina miguu midogo kama ya jongoo, na kona moja iliyokatwa inayokuonyesha imelala upande gani. Uiweke kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, iingie kwa uzito wake mwenyewe.

"Ikikatala kuingia, usikaze," aliniambia, akaigeuza kidogo. "Haikosake nguvu. Inakosaka upande."

Juu ya akili hupakwa dawa nyeupe kiasi cha punje ya mchele, kisha feni. Bila feni, alisema, itaungua kabla hujamaliza Baba Yetu. Kadi ya picha ni nyingine, inasimama wima, na ndiyo inayoupa mchezo rangi. Wengi huisahau, kisha hushangaa kuona mchezo unakokota miguu. Alipofika kwenye barrettes alisita kidogo. Zilikuwa vijiti vyembamba vyenye meno ya dhahabu. Alisema hizi ni za kumbukumbu, lakini kumbukumbu ya muda, umeme ukizimwa zinasahau yote. Alinipa nizipachike mwenyewe. Nilisukuma hadi masikio mawili ya pembeni yakajifunga kwa mlio mdogo.

Tulipowasha, mashine ililia. Haikuonyesha chochote, ililia tu, mlio mfupi, tena, tena. Nilirudi nyuma hadi ukutani. Tonton alisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akasema inalia kwa sababu haioni kumbukumbu yake. Alizima, akachomoa zile barrettes, akaniomba kifutio changu cha shule. Nilisugua meno yale ya dhahabu moja moja hadi kifutio kikawa cheusi. Tulizipachika upya. Safari hii kioo kilitetemeka, maandishi meupe yakapanda kama siafu, na Tonton Ilunga akaketi sakafuni na shati lake lililofungwa hadi shingoni, akafunika uso kwa mikono.

Mchezo ulikuwa gari jekundu kwenye barabara ya kijivu. Kulikuwa na milima ya buluu, hakuna watu. Tonton aliucheza siku za mwanzo, kisha mitihani ikamlemea akaniachia. Nilijua kuiwasha mashine mwenyewe. Nilikwenda baada ya darasa, nikaketi juu ya kreti, nikaendesha. Nilizipa kona za barabara majina ya vituo vya reli alivyonitajia mama. Hakuna bariera hata moja, hakuna aliyeomba karte, na bado barabara ile haikufika Bukama hata siku moja. Ilizunguka ikanirudisha pale pale penye bendera. Nje ya dirisha watoto wa wakimbizi waliokuja kwenye uwanja wa misheni walicheza mpira wa matambara. Ningeweza kutoka. Sikutoka. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana, na mchezo ule ulinifaa kwa sababu ndani yake hakuna mtu aliyekosekana.

Siku mama aliporudi, nkambo alikuja stoo mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga pale. Alisimama mlangoni akishika fremu, akasema kwamba mama yangu yuko nyumbani. Ameletwa na mtu wa baiskeli kutoka upande wa Kabondo-Dianda. Nilikuwa katikati ya mlima. Nilimaliza barabara ile kwanza, hadi kwenye bendera, na nkambo alinisubiri.

Kwenye kigoda uani aliketi mwanamke aliyenyolewa nywele, amevaa koti la kiume, miguu yake ndani ya beseni la maji. Mikono ilikuwa na makovu ya majani makali. Alikuwa mdogo kuliko mama niliyemjua. Aliniita kwa jina langu la nyumbani, na sauti ilikuwa yake, ikitoka mahali ambapo sikuitegemea. Nilimpa mkono.

"Jambo, mama," nilisema.

Kwetu kila mwanamke ni mama: muuza chumvi, mke wa mchungaji, mgeni anayeuliza njia. Nililitamka neno hilo hivyo, na yeye alilisikia hivyo. Hakunivuta kifuani. Aliushika mkono wangu muda ule ule ambao mgeni hushika, akauachilia, akasema nimekuwa mkubwa.

Tuliishi hivyo, kwa adabu. Alinipa chakula, nikashukuru. Aliniuliza habari za shule, nikajibu. Hakusimulia ya ziwani, ila kidogo kidogo kwa nkambo, kwa Kiluba, wakichambua sombe, yaani kisamvu, nami nikasikia vipande: kwamba waliishi juu ya kisiwa cha majani kilichochukuliwa na upepo usiku na mchana, kwamba ukilala upande huu wa ziwa, unaamkia upande ule. Tonton alikuwa mpole kwake kupita kiasi, kama mtu aliyebeba kitu kwa kingo. Nami niliendelea kwenda stoo.

Nilichokiona ni kwamba mama halali usingizi. Watu wote walijilaza baada ya chakula cha mchana, wakati jua linakanyaga bati, na yeye alikaa macho wazi, mgongo ukutani. Nkambo alimuuliza sababu. Mama alijibu kwamba ardhi ya Kamina imetulia mno. Akilala anahisi kama imekufa chini yake, anashtuka.

Alasiri moja sikwenda kwenye mchezo. Alikuwa amejilaza juu ya mkeka, amegeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa magumu kama ya mtu anayesubiri kupigwa. Nililala nyuma yake, mbali kidogo. Niliweka nyayo zangu mbili mgongoni kwake, pale chini ya koti ambalo hakulivua, nikasukuma taratibu, nikaachia, nikasukuma. Mwili wake ulikwenda na kurudi, kama unaoelea. Hakugeuka. Niliendelea hivyo, miguu ikaniuma, jenereta ya zahanati ikawashwa kule mbali na kuzimwa, na pumzi zake zikawa ndefu, na mimi sikuthubutu kuacha.